Walimnyoosha Marehemu Dada Yangu Mguu Ili Gemu Iuzike

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Mwala, na kwa sasa ninaishi kwenye chumba cha kupanga hapa Machakos mjini. Jina langu ni Ndanu. Sijaolewa. Niliwahi kukaribia... mbuzi wa ntheo, wale wa kuchumbia kwa desturi yetu Wakamba, walishafika nyumbani wakachinjwa wakaliwa. Lakini nisiende mbio.

Haya ninayowaandikia sijawahi kumsimulia mtu kwa ukamilifu. Wapo wanaojua habari za mchumba wangu. Wapo wanaojua habari za dada yangu. Hawajui kwamba ni habari moja.

Dada yangu mdogo aliitwa Mumbua. Alipokuwa mtoto alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa punda, mfupa wa mguu wa kushoto ukaunga vibaya, na tangu hapo akawa anachechemea. Msidhani alikuwa wa kuhurumiwa! Alikuwa na mwendo wake. Mguu mzima ulitangulia kwa haraka, bega likashuka kidogo, kisha ule mbaya ukaja nyuma taratibu, kama mtu anayesitasita mlangoni. Ukiwa ndani ya nyumba ungesikia hatua zake uwanjani na kujua kwamba ni Mumbua anakuja, na pengine anakuja na umbea.

Alikuwa msichana wa sekondari mto ulipomchukua.

Wanaotoka pande zetu wanaijua mito yetu. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, mpaka uchimbe shimo ndipo upate maji. Siku hiyo kwetu kulikuwa na jua kali. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko milimani, hatukuiona wala kuisikia. Mumbua na wenzake walikuwa katikati ya mto wakichota. Maji yakaja yote kwa pamoja... Wasichana wakapiga mayowe, wakatupa mitungi, wakakimbilia ng'ambo. Wote walifika isipokuwa mmoja.

Mnaelewa kwa nini hakufika. Msinilazimishe kuliandika.

Mama yetu, ambaye kwa Kikamba tunamwita Mwaitu, hakulia mazishini. Alikaa tu kwenye kiti cha plastiki akitazama watu wakipita. Baadaye, miezi ikienda, akaanza kulalamika jambo moja: alikuwa anausahau mwendo wa mtoto wake. Uso alikuwa nao kwenye picha ya shule. Lakini mwendo je? Nani kwetu aliwahi kumpiga mtu video akitoka kuchota maji?

Mimi ni mchoraji. Sikusomea chuoni, nilianza kwa kuchora mabango ya kanisa, kisha nikapata kazi katika duka la kuchapisha fulana karibu na steji ya matatu. Mwenye duka ni Mama Nduku, mama mkali lakini mwenye moyo. Hapo ndipo nilipokutana na Kioko.

Kioko alikuwa fundi wa kompyuta katika kiwanda kimoja cha Athi River. Alikuja kuturekebishia mashine, na alipokuwa akingoja iwake akanionyesha kitu kwenye laptopu yake. Ilikuwa gemu aliyoiandika mwenyewe, ya mtindo wa kizamani, ile ambayo kila kitu kimejengwa kwa miraba midogo midogo ya rangi kama kiondo kilichosukwa. Mtu mmoja wa kahawia alikuwa akiruka juu ya mawe.

"Naweza fanya kitu kitembee," akaniambia, "lakini kuchora sijui kabisa. Ona huyu, si anakaa kama jerikeni?"

Nikacheka mpaka Mama Nduku akaniangalia vibaya. Mara ya mwisho kucheka hivyo sikuikumbuka.

Tukaanza kuonana. Nikamweleza kuhusu Mumbua. Nikamwambia kile ambacho Mwaitu alikuwa akilalamikia. Kioko akasema: kwa nini tusimtengeneze? Gemu ya msichana wa Mwala anayetafuta maji wakati wa kiangazi. Anapita mashamba, anapita mbuzi na miiba, mwisho anavuka mto unaofurika. Na anafika ng'ambo!

Wapenzi wasomaji, mimi nilimpenda mwanamume kwa sababu ya sentensi hiyo.

Kazi tuligawana hivi: mimi nichore, yeye aandike programu. Nilidhani ni kama kupika, mmoja akate mboga, mwingine asonge ugali, mkutane mezani. Sikujua kwamba kuchora na kuandika programu hugombana kama wake wawili wa mume mmoja...

Mtu wa kawaida kwenye gemu za aina hiyo hutembea kwa picha nne zinazopokezana. Mumbua alihitaji mara mbili ya hizo, kwa sababu miguu yake haikufanana. Nilimchora kwa kumbukumbu, nikafuta, nikamchora tena. Nilichechemea mwenyewe mbele ya kioo ili nione bega linashuka wapi. Lakini Kioko alipoziweka picha zangu kwenye programu yake, dada yangu aliteleza! Programu ilimsukuma mbele kwa mwendo mmoja usiobadilika, ilhali mguu wake mbaya ulikuwa umetulia ardhini. Alionekana kama mtu aliyekanyaga sabuni.

Nililia. Kioko hakunicheka. Alibomoa sehemu ile yote akaiandika upya, ili mwili usogee kwa kufuata miguu: haraka, polepole, haraka, polepole. Alipomaliza akanigeuzia laptopu.

Ni Mumbua aliyekuwa akitembea pale.

Kisha tukafika kwenye mto. Kwa mwendo wake huo wa kweli, maji yalimfikia kila mara. Kioko alipoyapunguza kasi, yakawa kama uji, hayatishi mtu. Alipoyarudishia kasi, yakamchukua. Alihangaika nayo kwa wiki kadhaa. Siku moja akaja dukani mchana, jasho likimtoka, macho yanang'aa.

"Nimepata," akasema. "Maji inamngoja. Kila akikanyaga na ule mguu mbaya, maji inapunguza mwendo kidogo tu. Mwenye kucheza hataona. Lakini Mumbua atafika."

Je, mwanamume anaweza kukuambia anakupenda kwa namna iliyo kubwa kuliko hiyo? Mimi sikuwahi kusikia nyingine.

Miezi hiyo ndiyo iliyokuwa miezi yangu mizuri. Mbuzi wa ntheo wakapelekwa kwetu. Kioko alimwonyesha Mwaitu kipande kidogo kwenye simu yake, Mumbua akitembea kutoka jikoni hadi kwenye lango. Mwaitu alikitazama, akaishika ile simu kwa mikono yote miwili, akaomba arudishiwe tena mwanzo. Na tena. Tangu siku hiyo aliwaambia akina mama wa kanisa kwamba mtoto wake ataonekana akitembea, na kwamba mto huu safari hii hautamweza.

Sitasema kwamba hatukugombana. Nilikuwa na tabia ya kutoridhika na michoro yangu. Nikimwongezea Mumbua urefu kidogo tu, Kioko alikuta anazama ardhini au amekwama kwenye jiwe. "Ndanu, kila ukibadilisha picha, mimi naanza upya," alikuwa akinilalamikia. Nami nilimjibu kwamba gemu isiyopendeza macho ni hesabu tupu. Lakini tulipatana kila mara. Kila mmoja alijua kwamba bila mwenzake hana kitu.

Au ni mimi tu niliyejua hivyo?

Kioko akaacha kazi kule kiwandani ili amalize gemu. Mambo yakamwia magumu. Ndipo kampuni moja ya Nairobi inayouza gemu iliposikia habari zake ikamwita. Alikwenda peke yake. Aliniambia ni mazungumzo ya programu tu, nitachoka bure. Nikamwamini! Kwa nini nisimwamini mtu aliyemfundisha mto kungoja?

Baada ya hapo akawa mkimya. Alikuwa na desturi ya kuniletea laptopu yake kila anapobadilisha kitu, niicheze gemu na kutoa maoni. Akaacha. Nilipoomba kuiona, alisema ameifungua vipande vipande, nisubiri. Ningefanya nini? Laptopu ilikuwa kwake. Na hata angenionyesha yale maandishi ya programu, ningeona nini? Nusu nzima ya gemu yangu ilikuwa imeandikwa kwa lugha nisiyoweza kuisoma.

Siku ya kuionyesha kwa watu ikafika. Ilikuwa katika ukumbi wa hoteli moja huko Athi River, kampuni ile ikiwa imealika watu wengi, wengi wao vijana wa Syokimau na Nairobi. Nilimleta Mwaitu kutoka Mwala. Alikuwa amevaa kitenge kipya ambacho akina mama wa kanisa walimshonea kwa ajili ya siku hiyo, na wawili kati yao walikuja naye. Tulikaa mstari wa mbele. Mwaitu alinishika mkono.

Taa zikapunguzwa. Kwenye skrini kubwa akatokea msichana. Sweta ilikuwa ile niliyoichora, yenye kiwiko kilichochanika. Mtungi ulikuwa wangu. Nywele zilikuwa za Mumbua.

Kisha akakimbia.

Alikimbia wima, miguu yote miwili sawa, kama mwanariadha! Bega halikushuka. Aliruka juu ya mwamba, akabingirika hewani, akatua. Vijana wakapiga makofi na miluzi. Alipofika mtoni maji yakaja kwa nguvu ya kutisha kweli, naye akayashinda kwa mbio, bila shida, akasimama ng'ambo na kupunga mkono.

Nilihisi mkono wa Mwaitu ukilegea ndani ya mkono wangu.

"Ndanu," akaninong'oneza, "huyu ni mtoto wa nani?"

Wale mama wawili wa kanisa walikuwa wakipiga makofi kwa sababu kila mtu alikuwa akipiga, kisha wakamtazama Mwaitu, wakaacha.

Tulitoka nje kwenye jua. Mwaitu alisimama karibu na magari, akajifunga vizuri leso yake ya kichwa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

"Kwa hivyo angekuwa mzima, angepona," akasema. "Nilifikiri ni mimi pekee nasema hivyo kwa roho yangu. Kumbe hata nyinyi."

Mungu wangu! Miaka yote hiyo mama yangu alikuwa ameibeba hiyo sentensi. Ni yeye aliyekuwa akiendesha ule mkokoteni wa punda. Hakuwahi kulitaja jambo hilo, wala sisi hatukuwahi kumuuliza. Na mimi nilikuwa nimemtoa Mwala mpaka Athi River, nimemketisha mbele kabisa, ili aambiwe mbele ya watu kwamba ni kweli.

Kioko alinifuata nje, kadi ya jina ikining'inia shingoni.

"Wacha nikueleze," akasema. "Walisema msichana wa kuchechemea anachosha watu. Wakasema hiyo maneno ya mguu ikitoka, wataichukua. Nilikuwa nimeacha kazi, Ndanu. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Basi ndiyo maana sikukuambia."

Nilimwomba kitu kimoja tu. Nikamwambia, wachukue hiyo yao, nipe ile yetu ya kwanza, ile ambayo maji yanangoja. Kioko akatazama chini. Akasema ile haipo tena. Alikuwa ameandika ile mpya juu yake, mahali pale pale. Na hata kile kipande cha kwenye simu, pamoja na kila kitu, sasa ni cha kampuni, ameshatia sahihi.

"Lakini jina lako liko," akaniambia. "Mwishoni kabisa, kwa wale wanaoshukuriwa."

Nilipomtazama niliona kwamba alikuwa akilia. Sikumpiga, sikumtukana. Nilirudi kwa mama yangu.

Ntheo ikavunjika. Msidhani ilikuwa rahisi. Mjomba wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo tangu baba afariki, aliniita nyumbani mbele ya watu akaniuliza kama nina akili timamu. "Unavunja nyumba yako kwa sababu ya katuni?" Nikajaribu kueleza. Mtu anaelezaje jambo kama hilo? Nilipomtazama Mwaitu anisaidie kusema, alikuwa ameinama akichambua muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, kwenye ungo, kama vile hatupo.

Akina mama wa kanisa waliendelea kuja kumtembelea, kisha wakapungua. Nadhani waliona haya. Mwaitu naye hakuwatafuta.

Mimi nikajipa moyo wa mwisho. Michoro yangu ilikuwa bado kwangu, yote, kila hatua ya Mumbua. Si ningejifunza programu mwenyewe? Nikanunua laptopu iliyotumika. Nikajifunza kwa video za mtandaoni, kila saa niliyokuwa nje ya duka, na baadaye hata saa za duka, mpaka Mama Nduku akaninyang'anya kazi ya kuchora na kuniweka kwenye mashine ya kuchapisha, mahali pasipohitaji akili. Niliacha kabisa kuchora. Karibu mwaka mzima sikushika penseli.

Na nilifaulu, angalau mwanzoni! Baada ya makosa yasiyohesabika, Mumbua akasimama. Kisha akatembea, na hakuteleza: haraka, polepole, haraka, polepole. Nilipiga kelele peke yangu chumbani, jirani akagonga ukuta. Sikumwonyesha Mwaitu bado; nilitaka amwone akivuka.

Nikatengeneza mto. Nikayaleta maji.

Maji yakamchukua.

Nikabadilisha hili na lile. Yakamchukua. Nilijua Kioko alifanya nini, alikuwa amenieleza kwa maneno, lakini kujua kwa maneno si kujua kuandika. Nikijaribu kuyafanya yangoje, yaliganda kabisa au yaliruka juu yake kwa mara moja. Kila nilipotaka kuona kama nimesahihisha, ilinibidi kuanzisha tena, na kila nilipoanzisha tena, dada yangu alitoka kwenye ukingo na mtungi wake, akachechemea mpaka katikati, yakamfikia. Siku yake ya kufa sikuwepo mtoni. Sasa nimemwona akifa mara nyingi kuliko mtu yeyote aliyekuwepo, na mwenye kubonyeza kitufe ni mimi.

Nikafunga ile laptopu. Nilipojaribu kurudi kwenye uchoraji, mkono ulikuwa mzito. Ninachora, ndiyo, lakini watu wangu hawana uhai tena. Mama Nduku aliangalia bango moja nililolichora akasema polepole, "Ndanu, zamani hukuwa unachora hivi."

Mnadhani hapo ndipo mwisho? Msimu uliopita wa likizo, oda kubwa ya fulana ililetwa dukani. Mama Nduku hakujua chochote, aliniwekea mfano mezani na kusema wateja wanaitaka haraka. Kwenye fulana alikuwepo msichana wa miraba midogo, amevaa sweta yenye kiwiko kilichochanika, akikimbia kwa miguu yake miwili mizuri. Gemu inapendwa sana na vijana, ndivyo nilivyoambiwa.

Ningekataa, ningekula nini? Nilizichapisha zote. Nilimpiga dada yangu pasi ya moto kwenye kitambaa, mmoja baada ya mwingine, mpaka oda ikaisha.

Kioko nilisikia ameajiriwa na ile kampuni. Alinitumia ujumbe mara moja kuniuliza hali ya Mwaitu. Sikujibu, si kwa sababu ya hasira. Hasira ilishaisha.

Mwaitu yuko hai. Nikienda nyumbani tunazungumza kuhusu mvua, mbuzi na bei ya mahindi. Jina la Mumbua halitaji tena. Mwezi uliopita nilijikaza nikamuuliza kama bado anaukumbuka mwendo wake. Akatikisa kichwa, akasema, "Aiee. Sasa nikifunga macho, namwona yule wa kwenu anayekimbia."

Huo ndio mkasa wangu, ndugu zangu. Sina dawa ya kuwapa, kwani mwenyewe sijapona. Nina ombi tu, hasa kwa nyinyi vijana mnaoungana wawili wawili kutengeneza kitu, mmoja akiwa na kipaji hiki na mwingine kile. Usiseme, mimi ni wa picha, hayo mengine ni ya mwenzangu. Jifunze kazi yake angalau kiasi cha kuweza kuisoma, naye ajifunze yako kiasi cha kujua ni kitu gani hakitolewi. Weka nakala kwako. Nenda kwenye mikutano hata ukiambiwa utachoka. Na kama ndani ya kazi hiyo umemweka mtu unayempenda, basi kabla hujaanza kabisa, kaa chini na mwenzako umuulize kwa kinywa chake: siku wakitaka tumbadilishe ili wamnunue, utasema nini? Ukimwona anasita, funga vitu vyako uondoke, hata kama unampenda.

Mimi sikumuuliza Kioko swali hilo, nikidhani kwamba mapenzi yalikuwa yameshajibu. Tafadhali, nyinyi ulizeni.